Herufi Nzuri na Ahadi Yake

Aghalabu watu hudhani kuwa herufi ni chombo tu, na maana ndiyo mali. Lakini chombo nacho hunena. Jina lile lile likipigwa chapa kwa herufi nene zisizo na madaha hufanana na amri. Likipigwa chapa kwa herufi ambazo mstari mnene hukutana na mstari mwembamba kama unywele, hufanana na mgeni wa heshima. Je, uzuri huo ni haki ya jina, au ni hila juu ya jicho?

Asili ya herufi hizo yajulikana. John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alipochapa mashairi ya Virgil mwaka 1757, alizidisha tofauti baina ya mnene na mwembamba, akatumia wino mweusi sana na karatasi laini. Baadaye Firmin Didot mjini Paris na Giambattista Bodoni mjini Parma waliifikisha tofauti hiyo kwenye kikomo chake. Bodoni alifariki mwaka 1813, na mjane wake akatoa kitabu cha herufi zake, Manuale Tipografico, mwaka 1818. Kazi ya mabwana hao ilikuwa vitabu. Zama zilizofuata ndizo zilizozitwaa herufi za namna yao zikazitia juu ya chupa za manukato na juu ya majarida ya mavazi kama Vogue na Harper's Bazaar.

Wako wasemao kuwa hapo herufi iligeuka mwongo, maana hupandisha bei ya kitu pasipo kuongeza wema wake. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hoja hii ina nguvu, lakini yamsahau mtazamaji. Mwaka 1760 Benjamin Franklin alimwandikia Baskerville habari za mtu aliyedai kuwa herufi za Baskerville zaumiza macho. Franklin alimwonyesha karatasi ya herufi za Caslon kana kwamba ni za Baskerville. Mtu yule akaziona ila tele, na kumbe ndizo herufi alizozoea kuzisoma maisha yake yote bila ya taabu.

Ikiwa jina laweza kuzaa ila pasipo ila, laweza pia kuzaa wema pasipo wema. Basi lawama ya udanganyifu haiwezi kutwikwa herufi peke yake. Sehemu ni ya auzaye, na sehemu ni ya ahukumuye kabla ya kutazama.

Herufi yenyewe hutufundisha mpaka wake. Ikiwa kubwa, mistari yake myembamba hung'aa. Ikipunguzwa sana, mistari hiyo hufifia na msomaji huchoka. Kwa hiyo pale palipoandikwa vitu vilivyomo, kipimo na masharti, hutakiwa herufi nyingine, nyenyekevu na imara. Jina kubwa huahidi. Maandishi madogo hulipa.

Kuahidi si kosa. Kanzu iliyotarizwa si dhambi ya aliyeitariza, wala mkakasi haulaumiwi kwa nakshi zake. Methali yasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti; nayo yatuagiza tufunue kifuniko, haituagizi tuvunje mkakasi. Ajipambaye kwa herufi nzuri amejitwika deni, na asomaye ana wajibu wa kulidai.