Moshi Huu ni wa Nani?



Kuna swali limenikaa kifuani siku nyingi: kosa likigawanywa kwa watu milioni, kipande changu bado ni kosa?

Mimi ni mtoto wa Kikole, huku Kilwa. Nilipoenda chuo Dar es Salaam nilifikia kwa shangazi. Jioni moja kituoni, moshi wa malori ukanikaba, nikalalamika kwa sauti: "Hawa watu wa mjini watatuua!" Nafika nyumbani, namkuta shangazi anapepea jiko la mkaa mlangoni, macho mekundu, anakohoa. Akacheka: "Mkaa wa kwetu huu, mwanangu. Umetoka Kilwa."

Nilinyamaza. Ada yangu ya chuo analipa kaka, na kaka anachoma mkaa.

Hivi unajua kinachotuumiza zaidi hatukioni? Ni chembe laini zenye upana usiozidi mikroni 2.5, unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara thelathini hivi. Zinapita puani, zinafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Na vyanzo vyake vinatafutwa. Wataalamu hunasa hewa kwenye kichujio, kisha hupima maabara. Kwenye mji wa pwani, sodiamu na klorini husema: hii ni chumvi ya bahari. Silikoni na alumini: vumbi la udongo. Vanadi na nikeli: mafuta mazito ya meli. Potasiamu nyingi: kuni na majani yaliyochomwa. Kila moshi una alama yake, haujifichi.

Nilipojifunza hayo niliwaza kutafiti dhamiri kabla ya kitubio. Sisi huingia na orodha ya makosa ya wengine: jirani, serikali, wenye malori. Kichujio hakiko hivyo. Kinapokea vyote, kikubwa na kidogo, changu na chako.

Ila kuna kitu kichujio hakiwezi. Kinapima fungu la moshi, hakipimi fungu la hatia. Kanisa linatufundisha kwamba uzito wa kosa hutegemea pia ujuzi na hiari. Kaka yangu anakaa kwenye moshi wa tanuri kuliko sisi sote, na hiari yake ni finyu: akiacha leo, mimi narudi nyumbani. Shangazi hupikia mkaa kwa sababu unauzwa kwa kopo, kadiri ya pesa aliyo nayo. Mimi nisiyewasha hata kiberiti ndiye ninayejua, na ndiye ninayenufaika. Basi nani mwenye deni kubwa?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliutaja moshi wa kupikia miongoni mwa vinavyowaumiza maskini. Na hapa kwetu njia ipo: mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole ulipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mpingo ukaweza kuuzwa bila kumaliza msitu. Kumbe mti unaweza kumlisha mtu bila kuwa jivu!

Sijapata jibu lote. Nimeanza na dogo: pesa ya vocha naiweka, tumpatie shangazi mtungi wa gesi. Kaka nimemwambia nikimaliza chuo, zamu ya kubeba nyumba ni yangu, naye apumzike na tanuri. Alikaa kimya kwenye simu, halafu akakohoa.

Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi. Wiki hii, kijana mwenzangu, kabla hujasema "wao", jiulize: starehe yangu inamkohoza nani?

Ee Bwana, tupe macho ya kuuona moshi wetu, na mikono ya kuupunguza. Amina.