Haki ya Kufuta

Je, mtu ana haki ya kuubadili moyo wa chombo chake? Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha kumbukumbu, nacho hushika maagizo ya kwanza ya kuiamsha. Programu iitwayo Flashrom hukisoma kipande hicho, hukifuta na kukiandika upya. Kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza na kumpa jirani. Lakini watungaji wake hawakutoa dhamana yo yote. Kosa likitokea katikati ya kuandika, huenda kompyuta isiamke tena. Basi haki anayo, na lawama ni yake pia. Kwa hiyo mwenye busara hutangulia kuyasoma yaliyomo na kuyawekea nakala mahali salama, ndipo afute. Asiyejua kuhifadhi hajastahili kufuta.