Uaminifu wa Kidole

Katika bluzi ya Marekani, wimbo wa vipimo 12 kwa kawaida husimama juu ya mikusanyiko mitatu ya sauti. Mpiga gitaa aliyeanzia A hufika kipimo cha tano akakuta D imeingia, na ile C iliyopandishwa nusu sauti, iliyokuwa tamu punde hivi, sasa yagombana na C ya kawaida iliyomo ndani ya D ya bluzi. Kidole kikirudi nyuma pengo moja tu, ugomvi umekwisha. Je, kipande alichorithi kwa mwalimu wake amekihifadhi au amekisaliti?

Mshairi aliyepata kubadili neno ili kina kisivunjike analijua swali hili. Anayekariri kipande vilevile juu ya D hamtii mwalimu, kwani mwalimu alipokipiga alikuwa akisikiliza. B.B. King (1925–2015) hakuficha deni lake kwa T-Bone Walker, wala hapana amsikilizaye akamdhania kuwa ni Walker.

Lakini yupo John Lee Hooker. Huyo mara nyingi alikaa juu ya sauti ile ile, akahama alipopenda yeye. Wenzake ndio waliolazimika kuhesabu upya.