Kabla Hujapanda Ghorofa ya Juu

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia simu juzi, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Leseni yako ya daraja E imetoka, na kabla haijapoa mfukoni umeshapata tajiri mwenye lori la kubeba magari kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Mama yako analia kwa ajili ya barabara. Mimi nina hofu nyingine, ndiyo iliyonifanya nitafute miwani na kalamu.

Watu wa nyumbani hudhani hatari ya dereva iko kwenye mteremko wa Kitonga. Ipo, sikatai, na nitafika huko. Lakini miaka 19 ya kubeba magari ya watu imenionyesha kwamba kazi hii hufanyika zaidi ukiwa umesimama chini kuliko ukiwa umekaa kwenye usukani. Dereva wa kontena anafungiwa mlango, unapigwa sili, anapewa karatasi zake na kuondoka. Kilichomo ndani hakimhusu mpaka afike. Mzigo wako wewe uko wazi, kila mpita njia anauona: rangi, vioo, taa, redio. Kila kimoja kinaweza kukwaruzwa, kuibwa au kuchafuliwa. Nimewaona madereva hodari kweli kweli, wanaoweza kurudisha tela nyuma usiku kwenye uchochoro, wakifukuzwa kazi kwa sababu tu walikuwa wavivu wa kuzunguka gari.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza litakuuma. Mwambie tajiri wako akupe safari 2 au 3 uende kama utingo wa dereva mkongwe. Najua, umesoma Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, una cheti cha magari makubwa, na vijana wa mtaani watakucheka wakikuona unafunga mikanda. Wacheke. Mabibo wamekufundisha giya, breki na alama za barabarani. Hawakukufundisha namna ya kumpandisha Vitz juu ya kichwa cha hosi asiguse kioo cha yule wa nyuma yake. Hilo utalijua kwa kumtazama mzee mmoja mkali anayekugombeza tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa yadi. Ukifika kuchukua magari, usiruhusu mtu akuharakishe. Karani atakuambia foleni ni ndefu, winga atakuambia meli nyingine inashusha kesho, na tajiri atapiga simu mara 4. Wewe zunguka kila gari, kwa mwanga wa jua, ukiwa na kalamu na simu ya kupiga picha. Andika mkwaruzo, hata uwe mdogo kama ukucha. Andika kama kuna spea tairi, jeki, spana ya magurudumu, redio, kapeti, na funguo ngapi. Gari likiwa na matope hadi rangi haionekani, andika hivyo hivyo kwenye karatasi: limepokewa likiwa chafu, rangi haikukaguliwa. Kisha karani atie sahihi pamoja na wewe.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Safari yangu ya pili tu, nilipokea Prado usiku kwa tochi, nikatia sahihi. Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea. Nilipofika, mwenye gari aliuona kabla hata hajanisalimu. Nilikatwa mshahara miezi 2 kulipia bonde ambalo sikulichimba mimi, na sikuwa na la kusema, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu. Shangazi yako bado anaukumbuka mwaka ule kwa jina la gari.

Ukianza kupakia, vua mkanda wa suruali wenye chuma, vua saa na pete. Jinzi zenye misumari ya shaba mifukoni usivae kabisa. Utakuwa unajibana kati ya gari na nguzo ya tela siku nzima, na chuma kidogo kiunoni mwako kinatosha kuchora mstari kutoka mlango hadi buti. Kwenye ghorofa ya juu mara nyingi huwezi kufungua mlango, nafasi haipo. Utatoka dirishani kama mwizi, mguu mmoja mmoja, na utatafuta pa kukanyaga bila kuangalia. Kwa hiyo viatu, mpwa wangu. Viatu vyenye soli inayoshika. Nimewaona vijana wakipanda na kandambili, na sitaki kukumbuka walivyoshuka.

Mazito weka chini. IST ina tani 1 na ushee, Land Cruiser V8 inapita tani 2 na nusu. Ukimpandisha mnene juu, kona ya kwanza tu itakueleza ulichofanya. Kabla ya kupandisha gari juu, tazama uvungu wake na ardhi liliposimama. Likiwa linavuja, halipandi juu, basi. Oili ikidondoka kwenye gari jeupe la chini itasafishika kwa taabu. Maji ya breki hula rangi, na hayo hayasafishiki. Nilishawahi kuona boneti ya Harrier imetoka madoadoa kama chui, na ubishi wake uliisha polisi.

Kufunga kuna siri moja tu: funga tairi, usifunge bodi. Gari lina springi. Ukilifunga kwa bodi, kila shimo linalikandamiza chini, mkanda unalegea, na shimo linalofuata linalirusha. Ukipitisha mkanda juu ya tairi na kuukaza kwa racheti, bodi itacheza itakavyo na magurudumu yatabaki palepale. Mbele na nyuma, kushoto na kulia. Hendibreki juu, giya ndani, vioo vimepandishwa, boneti umeijaribu kwa mkono uone kama kweli imejifunga. Halafu usijidanganye kwamba umemaliza. Mikanda hulegea mwanzoni, mzigo unapojikalisha. Simama Mlandizi, panda, kaza. Simama Morogoro, kaza tena. Wenzako watakupita wakipiga honi za kejeli, nawe wapungie mkono.

Ghorofa ikiwa imeinuliwa kwa hidroliki na pini hazijaingia mahali pake, usipite chini yake hata kama umeangusha simu. Bomba la hidroliki likipasuka, chuma hakikupi muda wa kuita jina la mama yako.

Na sasa mguu wangu. Wewe umeniona nachechemea tangu ukiwa shule ya msingi, na nadhani uliambiwa ni ajali ya barabarani. Si kweli, ila sikuwahi kumsahihisha mtu kwa sababu ajali ya barabarani ina heshima yake. Ilikuwa Makambako, 2009, alfajiri, lori limesimama kabisa. Unajua baridi ya kule. Chuma kilikuwa na umande kama kimepakwa mafuta. Nilipanda kukaza mkanda mmoja, mikono imekufa ganzi, nikaona uvivu kushuka kwa ngazi. Nikaruka. Sikufika nilikotaka. Mfupa ulivunjika mahali 2, na yule niliyemfanyia kazi alilipa hospitali siku ya kwanza, kisha simu yake ikawa haipatikani. Siku hizi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza 2015, na mwajiri ndiye anayechangia, si wewe. Kabla ya kusaini mkataba muulize tajiri wako maneno 3: WCF, NSSF, na nani analipa gari likikwaruzwa. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Hata sasa ukishuka, shuka ukiwa umetazama ngazi, mikono 2 imeshika, kama mtoto anayejifunza. Usiruke.

Barabarani utaona raha moja ambayo wenzako hawana. Kwenye mizani, kuanzia Vigwaza, Mikese, Wenda na Makambako hadi Mpemba, watakuwa wanatokwa jasho kwa uzito wa ekseli, na wewe unapita, maana IST 7 hazifiki hata tani 10. Usilewe. Shida yako ni kimo. Gari la juu kabisa ndilo paa lako, na wewe hulioni. Tawi la mwembe lililoinama barabarani, waya wa umeme uliolegea kijijini, na zaidi ya vyote paa la sheli. Madereva wengi hupita salama kilomita 900 kisha wakavunja kioo cha mbele cha gari la juu wakiingia kujaza dizeli. Mimi nilikuwa na ufito nilioukata sawasawa na kimo cha mzigo wangu. Kila nilipotilia shaka, utingo alishuka nao akatangulia. Na jua ya kwamba kimo kinabadilika kila unapopakia, kwa hiyo ufito wa safari iliyopita haukusaidii. Pima upya.

Kitonga unapokwenda unapanda, mzigo unakuvuta nyuma, unakuwa na adabu. Balaa ni kurudi. Tela tupu, jepesi, nyumbani kunaita, na mteremko unakubembeleza. Shuka na giya ambayo ungepandia, ingia nayo kabla mteremko haujaanza, na uache breki ya injini ikushike. Ukikanyaga breki ya mguu mfululizo itachemka, na ikichemka inakuwa pambo. Hayo hayo kwa Iwambi unapokaribia Mbalizi, na Senjele ukishaingia Songwe; hapo unashuka ukiwa na mzigo na watu wamejaa kandokando. Mikumi pita taratibu, wanyama hawana leseni, na ukimgonga mmoja unalipishwa.

Baba yangu aliijua njia hii kabla ya lami. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita huku kwa malori, juu ya tope na vumbi. Wazungu waliiita Hell Run, yaani mbio za jehanamu. Baba yangu alikuwa utingo kwenye malori yale. Nilipolalamikia shimo la Inyala, alikuwa akinitazama tu bila kunijibu.

Vishawishi sitavieleza sana, wewe ni mtu mzima. Mafuta yaliyomo kwenye magari si yako, hata lita 1. Gunia la mkaa la Chalinze halikai pembeni ya gari la mtu. Mtu akikuomba kifurushi chake kidogo kikae kwenye buti ya Noah mpaka ng'ambo, mwambie huna funguo. Vituo vya kulala vina watu wapole sana kwa wageni wenye posho; jilinde. Na lala pale wenzako wanapolala, penye taa na mlinzi, kwa sababu vibaka wa saiti mira wanahitaji dakika 2 tu.

Tunduma utakaa. Siku moja, siku 3, itategemea karatasi. Kituo cha mpakani ni cha pamoja na Nakonde siku hizi, afadhali kuliko enzi zetu, lakini saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa 1, na hilo huwavuruga wengi kwenye miadi na mawakala. Kadi ya Njano ya COMESA, ile ya bima, iwe mkononi, isiwe chini ya godoro. Ukishavuka Kasumbalesa, kumbuka kwamba Kongo wanaendesha kulia, na usukani wako pia uko kulia. Kulipita gari la mbele unahitaji macho ya utingo, kwa hiyo usimruhusu asinzie. Watu wa Lubumbashi wanasema Kiswahili chao kitamu, gari wanaliita mutuka, na wakati wa kukabidhi watalizunguka mutuka hilo polepole kuliko ulivyolizunguka wewe. Toa zile picha zako za yadi. Utaona sura zao zinavyobadilika.

Nyumba yangu unaijua, hapa Uyole, mita chache kutoka lami. Ukipita usinipigie honi kutoka barabarani, nitajua huna muda. Egesha pale kwa fundi seremala, zunguka gari lako, panda, kaza mikanda, shuka kwa ngazi. Nitakuwa barazani nakutazama. Ukimaliza, njoo unywe chai, na nitakupa ufito mpya. Ni mrefu kuliko mzigo wowote utakaobeba, utaupunguza mwenyewe.

Mjomba wako