Kupitiwa: Je, ni Udhuru?

Mwingereza asipotambua jinsi saa zilivyokwenda husema kwamba amepoteza nyayo za wakati. Picha iliyomo ni ya mwindaji aliyeacha kutazama chini, mnyama akamponyoka. Katika msemo huo mtenda ni yeye mwenyewe: yeye ndiye aliyepoteza.

Mswahili husema, "Nimepitiwa." Hicho ni kitenzi "pita" katika kauli ya kutendewa. Apitaye ni usingizi au usahaulifu, na mara nyingi hatajwi kabisa. Msemaji ni mtendewa tu. Hapo ndipo linapozuka swali linalotuhusu sisi walimu, ambao husikia neno hili kila asubuhi madaftari yanapokusanywa: je, aliyepitiwa ana lawama?

Tuwatazame watu wawili. Mama ameuguza mtoto usiku wa tatu mfululizo, alfajiri usingizi ukampitia, na saa ya dawa ikapita. Dereva wa lori naye amehisi kope zikiwa nzito, akapita mji wenye nyumba za wageni, akaendelea kwa tamaa ya kuwahi. Mbele kidogo usingizi ukampitia, na watu wakafa. Wote wawili watasema neno moja, nalo ni kweli kwa wote wawili. Hata hivyo mama twamwambia pole, na dereva twampeleka mahakamani.

Tofauti haimo katika dakika ya kupitiwa, kwani katika dakika hiyo hakuna aliyekuwa na hiari. Imo katika saa iliyotangulia. Usingizi ulimbishia hodi dereva, naye alikuwa na mahali pa kupumzika. Mama hakuwa na wa kumpokea zamu. Mwanafalsafa Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliona vivyo hivyo alipoeleza kwa nini mlevi aliyekosa aliadhibiwa maradufu: hakujua alitendalo, lakini alikuwa na uwezo wa kutolewa.

Basi tusiseme kwamba lugha yetu yalea uzembe. "Nimepitiwa" yaeleza kwa haki jinsi fahamu inavyomtoka mtu bila kuagwa. Lisiloelezwa na neno hilo ni yale yaliyotangulia, na hayo ndiyo tuyaulize. Mwanafunzi akisema amepitiwa, tusimkaripie wala tusimsamehe upesi. Tumwulize kwanza: kabla ya kupitiwa, ulikuwa ukifanya nini, na nani alikuwapo wa kukusaidia?