Riziki ya Panya Aliyefungiwa

Katika tarafa ya Idodi, kwenye njia itokayo Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, ambako mkulima hukesha shambani kwa ajili ya tembo na akirudi nyumbani humkuta panya kihengeni, si jambo jepesi kumwambia mtu mzima aliyeyatolea jasho mahindi na mpunga wake ya kuwa panya naye aweza kuwa na haki juu ya binadamu. Ataona anadhihakiwa. Na dini zenyewe kwa dhahiri ziko upande wake: mapokeo ya Mtume yanamtaja panya miongoni mwa viumbe watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya mipaka mitukufu ya Makka, na Kitabu cha Walawi kinamhesabu katika najisi.

Lakini mapokeo hayo hayo yanatuhadithia habari za mwanamke aliyestahiki adhabu kwa sababu ya paka mmoja aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache aende kujitafutia. Kila nikilitafakari jambo hili naona kwamba uzito wa hatia ile ulikuwa katika mlango uliofungwa, wala haukutegemea thamani ya paka. Kiumbe aliye huru, riziki yake i kwa Mola wake. Aliyefungiwa, riziki yake imetiwa mkononi mwa aliyemfungia, ikawa deni. Ikiwa ni hivyo, basi panya aliyemo katika tundu la waya barazani, ambaye mtoto wa nyumba amempenda na kumfuga, hana daraja ya chini kuliko paka yule, ijapokuwa ndugu zake walio kihengeni wamo vitani na baba wa mtoto huyo.

Na deni hilo halilipwi kwa kutupa makombo. Mtazame panya buku jioni, anapowekewa ukufi wa mahindi: kwanza hunusa, kwa kuwa macho yake ni dhaifu na maarifa yake mengi yamo puani, kisha hujaza mashavu mpaka yakavimba, akajitia gizani kwenye malazi yake, na huko hutoa punje alizozibeba na kuzificha katika majani makavu. Bakuli likiisha kuwa tupu, mfugaji asiyejua husema mnyama huyu mroho, akampunguzia. Au hudhani hajashiba, akamwongezea wali wa mafuta mpaka akanenepa kwa maradhi. Yote mawili ni dhuluma, na asili yake ni moja, yaani kumpima panya kwa tabia za mwanadamu. Kuweka akiba ndiyo hulka aliyoumbwa nayo. Na aachiwe nafaka yake kavu, ziondolewe ndizi na mboga zilizoanza kuoza, apewe maji safi kila siku, na kipande cha mti mkavu cha kuguguna, maana meno yake ya mbele hayakomi kukua muda wa uhai wake. Wala asitiwe mwenzake kwa kuhurumiwa upweke: panya wa darini huishi kwa jamaa, lakini panya buku mzima aghalabu hukaa peke yake. Huyo wa darini naye, akifugwa, huonja chakula kigeni kidogo tu kisha akangoja. Si kiburi, kwani hawezi kutapika, na tahadhari ndiyo kinga yake.

Pengine mtu atasema kwamba mnyama hulishwa kwa manufaa anayomletea mtu tu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu, kwa mlio mdogo ufuatwao na tonge la ndizi na karanga. Huo kweli ni ujira. Lakini mmoja wa panya hao, Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 2020, alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022. Na baina ya kustaafu na kufa kwake chakula hakikukatwa. Miezi ile yanifundisha zaidi ya nishani, kwa kuwa ujira ulikuwa umekwisha, na deni lilibaki.

Mkulima wa Idodi ataniuliza kama awaache panya wale mahindi yake. La, na aue, kwani ameruhusiwa kujikinga, na mtego wa chuma uvunjao shingo papo hapo haumfanyi mnyama kuwa mfungwa wa mtu. Lakini ile gundi iuzwayo madukani, ambamo panya hunasa usiku akabaki hai mpaka jua likachomoza, na pengine mpaka jioni ya pili, mwenye nyumba akiwa amekwenda zake shambani, siwezi kuihesabu katika ruhusa ile. Kwa sababu aliyenaswa humo amekwisha kufungiwa, hawezi kwenda kujitafutia, na hakuna aliyempa maji wala aliyemmaliza.