Waliokufa kwa Mlima wa Moto Wasihukumiwe

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, ushukapo msiba mkubwa katika nchi ya watu, hawakosi wenye ulimi mwepesi wa kusema: "Hao wameadhibiwa kwa dhambi zao." Neno hili ni zito, na alisemaye hana elimu ya ghaibu.

Tazameni khabari za visiwa vya Indonesia, ambako Waislamu hufuata madhehebu yetu ya Imamu Shafii. Aprili 1815 mlima wa Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa, ulipasuka mpasuko mkubwa kuliko wote ulioandikwa katika tarikh. Wakadiriwa kuwa zaidi ya 70,000 waliokufa kwa moto, na kwa njaa na maradhi yaliyofuata, kwani majivu yalifunika mashamba. Kisha tarehe 27 Agosti 1883, katika Shawwali ya mwaka 1300 wa Hijra, ukapasuka Krakatau, baina ya Java na Sumatra. Mshindo wake ulisikiwa hata kisiwa cha Rodrigues, mwendo wa kilomita karibu 4,800. Waliokufa walizidi 36,000, na wengi wao waliuawa na mawimbi, si moto.

Je, Waislamu wale waliozama tuwaiteje? Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amewahesabu katika mashahidi aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Basi aliyepewa na Mtume cheo cha shahidi, wewe wamwita mlaaniwa kwa hoja gani?

Na jueni ya kuwa huyu ni shahidi wa Akhera. Katika hukumu za dunia huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na huzikwa, wala si kama shahidi wa vita. Na maiti aliyeoshwa akazikwa mji wa mbali, madhehebu yetu yaruhusu kumsalia sala ya ghaibu.

Basi tuisikiapo khabari ya msiba, yatupasa mambo matatu: kuwaombea waliokufa, kuwasaidia waliobaki kwa mali, na kila mtu kutubia dhambi zake mwenyewe, si za jirani. Na akaaye karibu na mlima utoao moshi, akaambiwa ahame, na ahame. Kukimbia hatari si upungufu wa kumtegemea Mungu.

Mola awarehemu waliotangulia, na atuhifadhi sisi na ndimi zetu. Amin. Wallahu aalam.